Kuzunguka kwa miguu mlango wa mto Sabaki: mwongozo wa asubuhi moja, kaskazini mwa Malindi

Ukitoka Malindi kwenda Mambrui, unavuka daraja la Sabaki. Chini yako maji ya rangi ya chai ya maziwa yanateremka polepole kwenda baharini, na siku ukibahatika utaona migongo miwili mitatu ya viboko. Matatu haisimami. Dakika moja tu, mto umebaki nyuma na abiria wamerudi kwenye simu zao.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kushuka hapo. Kutoka darajani hadi mto unapoingia baharini ni kama kilomita 2 na kidogo, na si lazima urudi kwa njia uliyoendea. Unashuka na ukingo wa kaskazini hadi pwani, unafuata ufuo kuelekea Mambrui, unakata vilima vya mchanga kuingia bara, kisha unarudi kijijini Sabaki kwa njia za mashambani. Kila unapogeuka, unageuka kushoto. Pete yote ni kilomita 6 hadi 7, kutegemea mto umeweka wapi mdomo wake mwaka huo, kwa maana huuhamisha. Kwa mwendo wa kusimama na kutazama, weka muda wa saa 3 na nusu. Hakuna mlima wala jabali. Mama yangu aliizunguka akiwa na miaka 66, na mpwa wangu wa miaka 8 alitutangulia karibu njia nzima.

Miguu haitasumbuka. Kinachohitaji akili ni saa. Maji na viboko ndio wanaopanga saa ya kuondoka, na wewe unafuata.

HATUA YA 1: SOMA MAJI KABLA HUJAPANGA SIKU

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Jambo la kushika ni hili. Siku za bamvua, huku kwetu maji hujaa kama saa 10 alfajiri, hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi, na hujaa tena saa 10 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa 4 asubuhi ndipo maji yamejaa. Kwa hiyo asiye na jedwali la maji anaweza kuangalia mwezi tu. Wavuvi hufanya hivyo, na anayefuata kalenda ya Kiislamu tayari anazo tarehe mkononi.

Siku nzuri za matembezi haya ni kuanzia mwezi mwandamo hadi tarehe 4, na tena kuanzia tarehe 15 hadi 18 za mwezi huo wa kuandama. Siku hizo, ukiondoka darajani saa 1 asubuhi, unafika mdomoni saa 2 na nusu hivi maji yakiwa yanatoka. Tope linafunuka mbele yako, ndege wanashuka kula humo, na mchanga wa ufuo unakuwa mgumu wa kutembelea. Unarudi kijijini kabla jua halijawa kali.

Ukienda siku ya maji mafu utakuta maji yamekwenda juu hadi kwenye majani, ndege wamejibana kwenye fungu moja la mchanga upande wa pili, na ufuo wa kutembelea umebaki mwembamba na laini. Hutapata madhara, ila utakuwa umeliona duka siku limefungwa.

Hata ukiwa na jedwali, ukikutana na mvuvi njiani muulize. "Shikamoo mzee. Maji yapwa saa ngapi leo?" Mto ukiwa umejaa kutoka bara, maji ya baharini hayaingii wala hayatoki kwa saa za kitabuni, naye atakuwa amekwisha kuliona hilo tangu alfajiri.

HATUA YA 2: CHAGUA MSIMU

Mto huu una majina matatu. Huko juu, unakotoka kwenye nyanda za karibu na Nairobi na kupita Ukambani, ni Athi. Ukikutana na mto Tsavo ndani ya hifadhi ya Tsavo, unaitwa Galana. Ukikaribia bahari ni Sabaki. Ni kama kilomita 390 kwa jumla, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Nimeyaeleza haya kwa sababu mvua inayokuhusu wewe si ya Malindi peke yake. Anga la Malindi laweza kuwa jeupe kabisa na mto ukaja kahawia, umejaa, unabeba magogo, kwa sababu imenyesha Machakos siku kadhaa zilizopita.

Usiende wakati wa mafuriko. Mvua ya mwaka, yaani masika, Aprili hadi Juni, na ya vuli, Novemba na Desemba, ndizo nyakati za kuhadhari. Kipimo changu ni rahisi: simama darajani utazame. Ukiona povu, matawi mabichi yakipita kasi na majani ya ukingoni yamelala majini, panda gari uendelee Mambrui. Mto utakuwepo wiki ijayo.

Miezi ninayoipenda ni miwili. Septemba, kwa sababu ya ndege wa Bukini, yaani Madagascar, nitakaowaeleza mbele. Na Februari, wakati wa kaskazi, mto ukiwa mdogo na ndege wa Ulaya na Asia bado wako. Januari hadi Machi jua huwa kali zaidi, basi uondoke mapema, lakini usiwahi kabla ya saa 1. Sababu ni viboko, na nitaieleza.

HATUA YA 3: VITU VYA KUCHUKUA

Lita 2 za maji kwa kila mtu. Njiani hakuna duka baada ya kijiji. Kofia ya ukingo mpana. Raba kuukuu za kufunga kamba, au ndara zenye mkanda wa nyuma. Kandambili usivae, tope litazichukua. Leso moja, ya kukalia, kujifunika jua na kujifutia miguu. Fimbo inayokufika kifuani: utaitumia kupimia tope, na ni muhimu kuliko kamera. Darubini kama unayo. Kama huna, azima. Kutembea Sabaki bila darubini kunawezekana, lakini nusu ya utakachokiona kitakuwa vitone vya mbali.

Simu iwe na chaji, na mwambie mtu aliyebaki nyumbani umekwenda wapi na utarudi saa ngapi.

HATUA YA 4: FIKA, SALIMIA, TAFUTA MWENYEJI

Kutoka mjini Malindi panda matatu ya kwenda Mambrui, Gongoni au Marereni. Mwambie konda akushushe Sabaki, ng'ambo ya daraja. Ng'ambo ndipo unapopataka, yaani upande wa kaskazini, daraja likiwa nyuma yako. Si mwendo mrefu; tuk-tuk nayo itakupeleka, ila mpatane na bei ya kurudi kabisa.

Hapa hakuna lango la hifadhi wala karani wa tikiti. Kuna kijiji, na njia yako inapita kando ya nyua za watu na mashamba yao ya mahindi na mihogo. Basi piga salamu. Waambie unakwenda kutembea mtoni na kutazama ndege, uulize kijana anayejua njia. Wapo vijana wa hapa waliokulia kwenye tope hili, wanaojua ndege kwa majina na wanajua kiboko gani amelala wapi wiki hii. Patana naye malipo kabla hamjaondoka, na ulipe vizuri. Mara ya kwanza usiende bila mwenyeji. Nimeandika hatua hizi ili uelewe njia, lakini hakuna maandishi yanayoweza kukuambia kwamba jana usiku kiboko mwenye mtoto alihamia kidimbwi cha pili.

Kamera iache mfukoni mpaka mtoke kijijini. Mtoni kuna watu wanaofua na kuoga.

HATUA YA 5: KUTOKA DARAJANI HADI MIKOKONI

Shika njia ya miguu inayofuata ukingo kuelekea baharini. Mto uwe mkono wako wa kulia. Mwanzoni utakwenda kati ya mashamba na majani mafupi, njia ni ya udongo mgumu na pana ya kutosha watu wawili.

Tazama hayo majani. Mahali pengine yamekatwa sawasawa chini, kama uwanja uliopitiwa na mashine. Hiyo ni kazi ya viboko. Usiku hutoka majini, hupanda ukingo na kulisha hadi karibu na mashamba, mara nyingine ndani ya mashamba yenyewe, na hilo ni shida kubwa kwa wenye mahindi. Kukianza kupambazuka hurudi majini kwa njia zao wenyewe: mifereji iliyochimbika kwa miguu, yenye alama za vidole vinne, ikishuka wima hadi mtoni.

Kiboko aliye majini mchana, ukiwa mbali naye, hana haja nawe. Hatari ni kiboko aliye nchi kavu anayetaka kurudi majini akukute umesimama kati yake na mto. Ndiyo sababu nasema saa 1, jua likiwa limekwisha kutoka, na si saa 11 alfajiri kama wapenda ndege wengine wanavyotaka. Na ndiyo sababu jioni saa 12 uwe umekwisha ondoka ukingoni. Ukifika kwenye mfereji wao, simama, sikiliza, tazama pande zote mbili, halafu vuka bila kukawia. Usipumzike kwenye mfereji hata kama kuna kivuli kizuri. Ukimwona nchi kavu, usipige kelele wala kumrushia kitu; rudi nyuma taratibu, umwachie njia yake ya maji.

Mamba nao wapo. Kwao sheria ni fupi: miguu yako isiingie mtoni, na usichutame ukingoni kunawa mikono. Maji haya hayaoneshi hata kidole kimoja chini.

Baada ya kama nusu saa mashamba yanakwisha na udongo unaanza kung'aa chumvi. Hapo mikoko inaanza, na mwingi ni mchu. Utautambua kwa mizizi yake ya kupumulia inayochomoza topeni kama penseli, mamia kwa mamia. Mchu ndio mkoko unaotangulia mingine kusimama kwenye tope jipya. Tope linapotulia, mbegu zake hushika, miti midogo hunasa tope zaidi, na ardhi huongezeka. Pita kwenye njia iliyokanyagwa tayari. Hiyo miche ya urefu wa goti unayoiona pembeni ndiyo msitu wa kesho kutwa.

HATUA YA 6: TOPE

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa tope ndilo linalowakimbiza watu, na ndilo lililoifanya Sabaki iwe Sabaki.

Udongo huu umetoka mbali. Ni udongo wa vilima vya Ukambani na mashamba ya bara, uliooshwa na mvua. Ukifika baharini hutanda kama wingu la kahawia. Wakati wa kusi, mkondo hulipeleka kaskazini, kuelekea ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi hulisukuma kusini, na ndipo ufuo wa Malindi hubadilika rangi na wageni wa hoteli hulalamika kwamba bahari imechafuka. Kwa miaka mingi mchanga na udongo huu umeujenga ufuo wa Malindi mpaka bahari imesogea mbali na mahali ilipokuwa. Ni kweli pia kwamba udongo ukizidi huumiza matumbawe, na hilo linawahangaisha watu wa hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968. Hakuna anayeweza kusema mmomonyoko wa bara ni jambo jema.

Lakini chutama ukingo wa tope, pale palipo pagumu, utazame kwa dakika tano. Utaona vishimo visivyohesabika. Kaa dume wenye gando moja kubwa wanapunga kama wanaokuita. Samaki wadogo wenye macho ya juu wanaruka juu ya tope kwa mapezi. Ndani yake kuna minyoo na konokono usiowaona, na hao ndio chakula kinachowatoa ndege Siberia. Kamba wanaovuliwa ghuba ya Ungwana nao wanategemea maji haya ya matope. Mgeni akiniambia maji ni machafu, humwomba achutame hivyo. Sasa huko Makueni linajengwa bwawa kubwa la Thwake juu ya mto huu huu. Bara inahitaji maji, silipingi hilo, lakini tope litakalotuama bwawani halitafika hapa, na nikitembea nawaza hawa kaa watapata nini.

Sasa jinsi ya kulivuka. Tope lenye rangi ya kijivu iliyofifia na nyufa juu linabeba mtu. Tope linalong'aa, lenye utando wa maji juu, halibebi. Choma fimbo kabla ya kila hatua usiyoiamini: ikiingia zaidi ya kiganja, tafuta njia nyingine, hata kama ni ya kuzunguka. Fuata nyayo za watu za leo; za jana maji yameshapita juu yake.

Mwaka wangu wa kwanza nilikata njia ili kuwafikia heroe, yaani flamingo, na nikazama hadi juu ya magoti. Nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya: nilivuta mguu mmoja kwa nguvu, mwingine ukazidi kushuka. Mvuvi mzee aliyekuwa akirudi na wavu wake alinikuta hapo. Hakukimbia. Alisimama mahali pagumu akaniambia, "Mwanangu, usishindane nalo. Keti. Ulale chali kama umo kitandani." Nililala chali, nikanyoosha mikono. Akaniambia niutikise mguu mmoja polepole, kwa nyuma na mbele, mpaka maji yaingie kando yake. Ukatoka. Kisha wa pili. Halafu nikajiburuza kwa mgongo hadi alipokuwa, akanipa kafi nishike. Fanya hivyo hivyo ikikutokea: mwili ukitanda, tope linakubeba. Na usiwe peke yako, kwa sababu maji yanarudi.

HATUA YA 7: MDOMO WA MTO

Utasikia mawimbi kabla ya kuyaona. Mikoko inapungua, mto unatanuka ukawa kama ziwa lenye mafungu ya mchanga, na mbele ni mstari mweupe wa mawimbi. Endelea hadi ufike kwenye mchanga mgumu upande wa baharini, ndipo usimame. Nakushauri usihangaike na darubini wakati wa kwenda, maana asubuhi unatembea ukilitazama jua na kila ndege ni kivuli cheusi. Ukifika mchangani, geuka uangalie ulikotoka. Jua sasa liko mgongoni, na rangi zote zinajitokeza.

Keti. Tandika leso. Hapa nipe saa nzima.

Eneo hili limo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege ya Kenya, na sababu utaiona mwenyewe. Heroe, kama wapo, hawana haja ya kutafutwa. Wanasimama kwenye maji mafupi kwa mamia, na rangi yao ya waridi juu ya maji ya kahawia sijaiona mahali pengine. Idadi yao hubadilika sana, kwa kuwa huhama kufuata hali ya maziwa ya Bonde la Ufa. Mwari hukaa kwenye mafungu ya mchanga na shakwe. Buabua hujipanga wote wakielekeza midomo upepo unakotoka. Sululu ni yule mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Kuna mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, hodari wa kuvunja kaa. Huyo huzaa kwenye fukwe za Uarabuni na za karibu nazo, ndani ya mashimo ya mchanga.

Wale wadogo wanaokimbia kwenye ukingo wa maji kana kwamba wamechelewa kazini ni vitwitwi. Usikate tamaa kwa kufanana kwao. Mwanzo tazama mambo mawili tu: mdomo umenyooka au umepinda, na mwendo wake ni wa kukimbia na kusimama au wa kushona tope mfululizo. Kwa hayo mawili utakuwa umewatenga katika makundi, majina yatakuja baadaye. Baadhi yao wamezaa huko kaskazini mwa Siberia mwezi Juni, na Agosti au Septemba wako hapa. Aprili wanaondoka. Machi na Aprili utawaona wengine wamebadilika, kifua kimekuwa chekundu kama matofali, tayari kwa safari.

Na ndege wa Bukini. Huyu huzaa Madagascar tu, na ikifika kusi huvuka bahari kuja pwani ya Afrika Mashariki. Sabaki ni moja ya mahali pachache anapokusanyika kwa wingi. Agosti na Septemba huweza kuwa maelfu. Akiwa chini si rahisi kumwona: ni hudhurungi, amelala mchangani kama kokoto, na mstari mweupe chini ya jicho. Utaangalia mchanga mtupu kwa robo saa, halafu mchanga wote utainuka. Akiruka ana mabawa membamba na mkia wa panda kama mbayuwayu, huwinda wadudu hewani. Kitaalamu ni Glareola ocularis. Ukiwakuta wamelala, usiwasogelee ili waruke upate picha. Wanapumzika, na nguvu wanayoimaliza kukukimbia wameivukisha bahari.

Jambo moja zaidi hapa. Maji yakipwa sana, mdomo wa mto huonekana mwembamba, na Malindi iko upande wa pili, karibu mno. Usivuke. Chini ya utulivu huo kuna mkondo, mashimo yanayohama, na mamba. Anayetaka kuona ukingo wa kusini na aende siku nyingine akitokea Malindi.

HATUA YA 8: UFUO, KISHA VILIMA VYA MCHANGA

Geuka kushoto, bahari iwe mkono wa kulia, utembee ufuoni kuelekea kaskazini kwa kama kilomita 1 na nusu. Kaa kwenye mchanga uliolowa, ni mgumu na miguu haichoki. Mstari wa takataka ulioachwa na maji unastahili kutazamwa: mafundo ya mikoko, mbegu, vifuu, na kwa masikitiko chupa na mifuko, mingine imeletwa na mto kutoka miji ya bara. Mimi hubeba gunia dogo nikajaza ninachoweza.

Kushoto kwako utaona vilima vya mchanga vinapanda. Usipande popote. Tafuta pengo lenye njia iliyokanyagwa na wavuvi; mwenyeji wako anaijua. Mimea inayotambaa juu ya mchanga, yenye maua ya zambarau kama ya viazi vitamu, ndiyo inayovizuia vilima visipeperuke. Ukiikanyaga na kuing'oa, upepo wa kusi utamaliza kazi. Kupanda ndiyo sehemu pekee ya kuhema katika njia hii, kama dakika kumi za mchanga laini. Pumzika juu. Ukitazama kusini unaona mto wote, kahawia ukiingia kwenye kijani, na mpaka wa rangi hizo mbili umenyooka mbali baharini.

HATUA YA 9: KURUDI KIJIJINI

Nyuma ya vilima kuna majani mafupi na vichaka, na mahali pengine vidimbwi. Vidimbwi uvipite kwa mbali, viboko hulala humo pia. Kwenye majani tembea polepole: ndege mdogo wa kahawia anayekimbia mbele yako akipandisha na kushusha mkia huenda akawa yule anayebeba jina la Malindi katika vitabu vya ndege, ambaye hupatikana kwenye pwani yetu hii ya Kenya na Somalia na si kwingineko.

Geuka kushoto tena, jua likiwa nyuma ya bega lako la kushoto, ushike njia ya mashambani kuelekea barabara kuu. Ukipotea, simama usikilize malori. Barabara iko magharibi siku zote. Ukiifikia, fuata ukingo wake kusini hadi darajani, au kata kupitia kijijini ukanywe dafu. Hesabu wenzako, mpigie simu uliyemwachia habari, mlipe mwenyeji.

Ukiwa bado na nguvu, panda gari hadi Mambrui, kilomita chache tu. Ni mji wa kale wa Waswahili, na kaburi lake la mnara lilipambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walifukua hapo sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa China, mwanzoni mwa karne ya 15. Vaa nguo ya heshima, uombe ruhusa kabla ya kuingia makaburini. La sivyo, rudi Malindi ukale mahamri na mbaazi, kama hayajakwisha saa hiyo.

Raba usizipige brashi zikiwa kavu. Tope la Sabaki likikauka huingia ndani ya nyuzi. Ziloweke usiku kucha kwenye ndoo, asubuhi umwage yale maji kwenye shina la mpapai.